Je, Wajua? Rais wa Kenya hawezi kujivika joho la mwananchi wa kawaida

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 hubadilishwa kupitia Bunge, au kupitia mpango wa wananchi wenyewe chini ya Kifungu cha 257. Njia hii ya pili hudai sahihi za wapigakura waliosajiliwa wasiopungua 1,000,000, kisha mswada hupelekwa kwenye mabunge ya kaunti zote 47.

Mswada wa BBI (Building Bridges Initiative) wa kubadilisha Katiba, ulioungwa mkono na Uhuru Kenyatta, Rais wa wakati huo, ulipita njia hiyo. Raia wakaenda kortini. Mahakama Kuu iliuzuia Mei 2021, na tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikakata shauri: Rais hana mamlaka ya kuanzisha mabadiliko ya Katiba kwa njia waliyotengewa wananchi.

Linalonigusa zaidi ni kwamba miongoni mwa walalamishi walikuwamo watu wasio na cheo chochote serikalini. Walikuwa wameisoma Katiba, basi. Haki yao ya kushtaki imeandikwa katika Kifungu cha 258: kila mtu anaweza kwenda mahakamani akidai kuwa Katiba imekiukwa, au hata kwamba inatishiwa kukiukwa. Ni wangapi kati yetu tunaolijua hilo?