Mpira Unaofupika: Siri za Pawa Stelingi ya Mustang

Je, wajua kwamba mpira unaopitisha oili ya pawa stelingi hufupika? Ndani ya gamba lake la nje kuna nyuzi zilizosukwa, na presha ya oili inapopanda, msuko huo hujivuta au hujiachia. Watengenezaji wa mipira ya haidroli kwa kawaida huruhusu urefu ubadilike hadi asilimia 2 kwa kurefuka na asilimia 4 kwa kufupika. Kwenye mpira wa sentimita 80, asilimia 4 ni zaidi ya sentimita 3. Mtu anayefufua gari la zamani akiukata mpira kwa kipimo kamili, akaufunga ukakaza kama kamba ya kuanikia nguo, picha zitatoka nzuri. Lakini kila akikata kona mpira utazivuta nati zake huku na huku, na haitachukua muda oili itaanza kudondoka sakafuni.

Gari linaloonyesha jambo hili waziwazi ni Ford Mustang ya miaka ya mwanzo. Mustang ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, na pawa stelingi yake haikuwa lazima: aliyeitaka aliongeza pesa. Magari mengi yenye pawa stelingi yalikuwa na msaada wa haidroli ndani ya stelingi boksi. Mustang, hadi toleo la 1970, ilibebeshwa msaada huo kwa nje, chini ya injini: vali moja na silinda moja, vyote vikishika ile fimbo ya katikati inayovuta tairodi za kushoto na kulia. Corvette nayo ilifanya hivyo kuanzia 1963 hadi 1982.

Kwa mpango huo hesabu ya mipira hupanda kutoka miwili hadi minne. Mmoja ni wa kwenda, unaotoa oili ya presha kwenye pampu na kuipeleka kwenye vali. Wa pili ni wa kurudi. Miwili iliyobaki, mifupi, huunganisha vali na ncha mbili za silinda. Na hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu vali haijafungwa kwenye fremu. Imekaa kwenye fimbo, na fimbo husogea kushoto na kulia kila dereva anapozungusha usukani. Upande mmoja wa mpira uko kwenye pampu, iliyoshikamana na injini inayotikisika. Upande wa pili uko kwenye kitu kinachosafiri. Ile mikunjo mirefu ambayo kiwanda kiliiacha ikining'inia, ambayo fundi mpya huiona kama uzembe na kuipunguza, imewekwa makusudi. Ni akiba ya safari.

Vali yenyewe ina akili ya ajabu kwa kifaa kisicho na waya hata mmoja. Mkono wa stelingi boksi hauisukumi fimbo moja kwa moja. Kwanza husukuma kitufe kidogo ndani ya vali. Kikihama kidogo tu, oili hufunguliwa kwenda upande mmoja wa silinda, silinda huisukuma fimbo, na fimbo inapokwenda hulibeba ganda la vali mpaka likifikie kile kitufe. Likikifikia, mlango hujifunga na msaada hukoma. Dereva hutangulia, chuma humfuata.

Sasa badilisha ile mipira mifupi miwili, wa kushoto uende kulia. Silinda itasukuma kinyume, ganda la vali litakimbia kitufe badala ya kukifuata, mlango utazidi kufunguka, na silinda itazidi kusukuma. Ukiwasha injini, usukani hujizungusha wenyewe hadi mwisho na kukaa huko, na hakuna misuli ya kuurudisha. Mipira hiyo hufanana sana ikiwa mezani. Kipande cha utepe chenye alama kabla ya kufungua chochote huokoa vidole na mabampa.

Aliyeifanya haidroli ya usukani ifae kwenye gari alikuwa Francis W. Davis, mhandisi aliyewahi kufanya kazi na kampuni ya Pierce-Arrow. Mwaka 1926 alikuwa na gari la Pierce-Arrow linalokata kona kwa wepesi, akalionyesha kwa wakubwa wa Detroit. Mitambo ya haidroli ya enzi hizo ilijulikana kwa kuvuja, hasa pale ambapo presha ilishikiliwa muda wote. Davis aligeuza mpango: vali ikae wazi, oili izunguke bure kutoka pampu na kurudi, presha izaliwe pale tu usukani unapozungushwa. General Motors waliutaka mfumo huo kisha wakauacha mwaka 1934 kwa sababu ya gharama. Wanunuzi wa kawaida hawakuuona hadi Chrysler Imperial ya 1951. Kwa kuwa vali ya Davis hukaa wazi, gari likienda moja kwa moja, mpira wa kwenda hauna kazi kubwa. Ukikata kona ukiwa umesimama, presha kwenye magari ya kizazi hicho huweza kufika bar 70 na zaidi. Tairi la gari dogo hushika kama bar 2.

Mpira wa kwenda una kazi nyingine isiyotajwa sana. Pampu haitoi mkondo laini. Mabapa yake hutoa oili kwa mapigo. Mpira wa asili umetengenezwa uvimbe kidogo kwa kila pigo na kulimeza. Ndiyo maana anayeuondoa na kuweka ule wa Tefloni uliovikwa msuko wa chuma cha pua, unaong'aa kama wa gari la mashindano, mara nyingine husikia pampu ikilia na usukani ukitetemeka mkononi. Mpira mgumu haumezi kitu. Tena ule msuko ni msumeno: ukigusana na waya wa umeme au ukingo wa bati na injini inatikisika, utakula taratibu hadi upenye. Mimi ningebaki na mpira mweusi wa kawaida, hata kama waamuzi wa Africa Concours d'Elegance, mashindano ya Nairobi yaliyoanza mwaka 1970, huchungulia injini na hadi uvunguni.

Nati nazo zina mitego. Viungo vingi vya asili vya magari ya Marekani vina mdomo wa pembe ya nyuzi 45. Viungo vya asili ya ndege za kijeshi, vinavyouzwa sana kwa wafufuaji, vina nyuzi 37. Saizi moja ya nati inaweza kushika zote mbili kwa zamu kadhaa, ukadhani umepata. Haitaziba hata ukiikaza mpaka ipasuke.

Kuhusu kupitisha mpira, anza kwa kutafuta ule mstari uliochapwa ubavuni mwake. Kazi yake kubwa si jina la kampuni. Ukiona umejizungusha kama kamba, mpira umesokotwa wakati wa kukaza, na mpira uliosokotwa hupambana kujinyoosha kila presha inapopanda mpaka ufungue nati yake. Shika kiungo cha mpira kwa spana moja, kaza kwa nyingine. Acha kipande kilichonyooka kabla ya kona ya kwanza, kwa sababu mkunjo unaoanzia pale pale kwenye chuma hukata nyuzi. Kaa mbali na ekzosi: oili ikidondoka kwenye manifoldi yenye moto mkali inaweza kuwaka. Klipu ziushike mpira pale ambapo gari halichezi, zisiukaze pale unapotakiwa kusogea.

Klipu za mwisho zisikazwe mpaka usukani uzungushwe kutoka mwisho hadi mwisho, kwanza injini ikiwa imezimwa na mtu mmoja akitazama chini, tairi likiwa limekatwa kabisa. Injini ikishawashwa, usishikilie usukani mwishoni zaidi ya sekunde chache. Oili hulazimika kupita kwenye vali ya usalama na hupata moto haraka. Ukitafuta mahali panapovuja, tumia kipande cha kadibodi, kamwe si kidole. Oili inayotoka kwenye tundu dogo kama la sindano kwa presha ile huingia ndani ya ngozi, na jeraha lake huonekana dogo saa za kwanza, ingawa ni la kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.