Amri ya Uokoaji Itangulie Shimoni



Katika mitaa ya mabondeni hapa Kampala, kama vile Bwaise na Kisenyi, vyoo vya shimo ni vingi, navyo vikijaa sharti vitapishwe. Kambini nako kuna makaro na matangi ya mafuta yanayohitaji kusafishwa. Ajali za humo hufuata mwendo mmoja: wa kwanza huanguka, wa pili hushuka kumwokoa, wote wawili hutolewa maiti. Ndivyo ilivyokuwa Mombasa mwaka 2017, kwa sababu ya simu iliyotumbukia chooni. Huko Marekani, taasisi ya serikali ya usalama kazini ilieleza mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa mahali pa namna hiyo walikuwa waokoaji.

Kinachoua ni hewa. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Ikipungua chini ya asilimia 6, mtu hufa kwa dakika chache. Gesi ya haidrojeni salfaidi, inukayo kama yai viza, huiua pua kwanza: inapozidi, harufu hutoweka, na mshukaji hudhani hatari imepita. Kitambaa puani hakimsaidii.

Ubongo uliokosa oksijeni huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi. Zimamoto, ambao ni sehemu ya Jeshi la Polisi, huitwa kwa 999. Lakini ni gari gani livukalo Kampala jioni kwa dakika nne? Kwa hiyo uokoaji sharti uwe tayari mdomoni mwa shimo kabla ya mtu kushuka. Hewa ipimwe juu, kati na chini. Mshukaji avae mkanda wa mwili wenye kamba ipitayo kwenye kapi. Mlinzi ateuliwe kwa jina: azungumze na aliye ndani, amvute, apige simu. Yeye asishuke kamwe, hata aliye chini akiwa nduguye wa tumbo moja. Amri hiyo ni ngumu kwa askari, aliyefundishwa asimwache mwenzake, na ndiyo maana itolewe mapema, si wakati wa vilio. Atakayeingia kuokoa awe na mtungi wa hewa mgongoni.

Kisha yafanywe mazoezi kwa gunia la mchanga lenye uzito wa mtu, saa ikiwa mkononi. Mvutaji akishindwa kulitoa ndani ya dakika nne, kazi ya siku hiyo isianzwe.