Volkano na Tabianchi: Nyamulagira na Pinatubo

Aghalabu hudaiwa kwamba volkano ikilipuka dunia hupoa. Dai hili lahitaji kufafanuliwa, kwani gesi hupimwa kwa kimo inachofikia, si kwa wingi wake pekee. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka mwaka 1991, ulirusha tani zipatazo milioni 15 za salfa dioksidi hadi stratosfera, tabaka la hewa lililo juu ya mawingu ya mvua. Huko gesi iligeuka matone madogo ya asidi, yakazuia sehemu ya mwanga wa jua; mwaka 1992 wastani wa joto la dunia ukashuka kwa takriban nyuzi 0.5 za Selsiasi.

Nyamulagira, katika Kivu Kaskazini, nayo hutoa salfa nyingi mno. Hata hivyo, lava yake hutiririka zaidi kuliko kulipuka, na gesi yake kwa kawaida haifiki stratosfera. Pepo za mashariki huisukuma juu ya Masisi, na huweza kuifikisha kwenye misitu ya Walikale. Mvua huirejesha ardhini ikiwa asidi, ikaunguza mazao na kuharibu maji yanayokingwa mapaani.

Hivyo basi, tutenganishe dhana mbili: Pinatubo iligusa tabianchi ya dunia, Nyamulagira hugusa hali ya hewa ya jirani zake, na madhara yake humfikia mkulima wa Masisi kwanza.