Kunyamaza kwa mnunuzi si ridhaa

Miongoni mwa maneno yanayopendeza masikioni mwa mwanadamu, neno "bure" halikosi. Wafanyabiashara wa intaneti wanaufahamu udhaifu huo, nao hutualika hivi: jaribu huduma yetu kwa siku 14 bila kulipa hata senti, ila, tafadhali, tuachie nambari ya kadi yako. Je, ndugu msomaji, umewahi kujiuliza ni kwa nini kitu cha bure kihitaji nambari ya kadi?

Jibu ni kwamba mapatano hayo yamejengwa juu ya kunyamaza kwako. Siku ya 15 ikifika nawe hujakataa, huhesabiwa kuwa umekubali, na fedha huanza kukatwa mwezi baada ya mwezi. Wahenga walinena kwamba kimya kikuu kina mshindo mkuu. Mshindo wa kimya hiki husikika kwenye taarifa ya akaunti.

Hapa Ruiru jambo hili si la matajiri peke yao. Tumezungukwa na vyuo vikuu: Zetech papa hapa, Kenyatta upande wa Kahawa, Jomo Kenyatta kule Juja na Mount Kenya mjini Thika. Mwanafunzi anayeandika tasnifu hutafuta programu za kumsaidia, na nyingi huuzwa na kampuni za ng'ambo. Zamani kadi ilikuwa mali ya wenye mishahara. Lakini tangu Juni 2022, huduma ya M-Pesa GlobalPay imemwezesha hata asiye na akaunti ya benki kuwa na kadi ya Visa ndani ya simu yake. Mlango wa soko la dunia umefunguka, na mtego umeingia kupitia mlango uo huo.

Mwalimu mmoja, jirani yangu, alikatwa dola 30, yaani karibu shilingi 4,000, kwa huduma ambayo alikuwa ameisitisha kabla ya siku za majaribio kwisha. Alipoipigia benki yake simu, aliambiwa kwamba kwa kuwa nambari ya kadi aliitoa mwenyewe, hana la kudai. Alikaribia kukata tamaa. Nilimsihi aandike. Tuliketi tukatunga barua ya ukurasa mmoja: tarehe ya kujisajili, tarehe ya kusitisha, tarehe ya kukatwa, kiasi, na jina la muuzaji kama lilivyo kwenye taarifa. Tukaambatisha barua pepe iliyothibitisha kwamba huduma imesitishwa. Baada ya wiki kadhaa, fedha zilirudi.

Huo haukuwa muujiza. Kadi za kimataifa zina utaratibu wa kupinga malipo: benki yako hupeleka dai kwa benki ya muuzaji, naye muuzaji hutakiwa kutoa ushahidi. Muda una mipaka. Katika kanuni za Visa na Mastercard aghalabu ni siku 120, na benki yaweza kukutaka uwahi zaidi. Isitoshe, tangu Aprili 2020 Visa humtaka muuzaji wa majaribio ya bure amkumbushe mteja angalau siku 7 kabla ya kuanza kumtoza, na kumwonyesha njia rahisi ya kujitoa. Hapa nyumbani, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji na kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Nayo Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inamtaka anayeuza kupitia intaneti ampe mnunuzi nafasi ya wazi ya kukubali au kukataa.

Wapo watakaosema kwamba aliyekubali bila kusoma na ajilaumu. Hoja hiyo ina uzito wake: aliyeelezwa wazi, akakumbushwa, kisha akapuuza, hana dai la nguvu. Lakini masharti yaliyofichwa chini ya ukurasa kwa herufi zisizosomeka hayawezi kuitwa maelezo. Ridhaa ni tendo, na anayedai kwamba ameipata sharti aithibitishe.

Kwa hiyo nawageukia walimu wenzangu. Mwaka nenda mwaka rudi tunafundisha barua rasmi, na mwanafunzi huomba kazi ya kubuni kwa meneja wa kubuni. Mbona tusimpe taarifa ya akaunti na tarehe tatu, tukamtaka aiandikie benki? Mfundisheni pia kuhifadhi ukurasa wa ofa siku anapojisajili, na kuweka ushahidi wa kujitoa, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Nanyi wanafunzi, mkiambiwa kwa simu kwamba hamna haki, ombeni jibu hilo kwa maandishi.