Banda Jipya, Tope Lilelile: Maji Yanatoka Wapi?

Sheria ya Burundi ya Oktoba 2018, iliyoanza kubana miaka mitatu baadaye, inataka mifugo ifugwe bandani, isizurure. Ndiyo maana katika ukanda mwembamba ulio kati ya milima ya Mumirwa na Ziwa Tanganyika, kuanzia Kabezi kushuka hadi Rumonge, hata mwenye ng'ombe mmoja au mbuzi watatu hana budi kuwajengea. Msimu wa mvua ukipita, swali huja: paa lipo, mbona sakafu ni tope? Ushauri wa haraka huwa ni kumwaga changarawe. Nadhani ushauri huo umetangulia swali lenyewe. Changarawe husaidia maji yanapotoka chini. Yakitoka juu, huweza kuongeza balaa.

Maji hutokaje chini, ilhali kawaida yake ni kushuka? Tazama utambi wa kibatari. Mafuta ya taa hupanda kutoka ndani ya kopo hadi kwenye moto bila pampu, kwa sababu nafasi kati ya nyuzi ni finyu na mafuta hushikamana nazo, yakivutana yenyewe kwa yenyewe. Udongo nao ni utambi. Mwaka 1718 daktari Mwingereza, James Jurin, alieleza kanuni yake: mrija ukipungua upana kwa nusu, kimo cha maji huongezeka maradufu. Kwenye mchanga mkubwa wa ufukweni maji hupanda sentimita chache tu. Kwenye udongo laini ulioteremshwa na mito kutoka milimani yanaweza kupita mita moja. Vitabu vya shule husema ukapilari. Mimi napendelea mnyweo, maana udongo hunywa kweli, ingawa wapo watakaodhani nazungumzia urwarwa, pombe ya ndizi. Sasa, ziwa lilipofura mwaka 2024 hadi kugusa mita 777 juu ya usawa wa bahari, maji ya ardhini karibu na ufuo yalipanda pia. Kopo likajaa, na safari ya utambi ikawa fupi.

Tabaka la mawe chini ya sakafu ni utambi uliokatwa: nafasi zake ni pana mno, hazinyonyi. Hapo mshauri wa changarawe ana haki. Lakini utambi uliokatwa haupitishi kitu upande wowote. Mkojo na maji ya mvua vikishuka kwenye udongo laini vikafika mpakani na mawe, havidondoki. Udongo huvishikilia, kwa kuwa nafasi zake finyu huvuta kuliko nafasi pana za mawe, mpaka ulowe chepechepe ndipo tone la kwanza lipite. Kwa hiyo sakafu ya udongo iliyotandazwa juu ya mawe huweza kukaa mbichi kuliko ile isiyo na mawe kabisa! Na mawe yakiachwa juu? Kwato huyakanyagia topeni, tope hujaza nafasi, utambi ukaunganika tena.

Tufanye hesabu ya paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita nne kwa tano likipigwa na mvua ya milimita 40 humwaga lita 800 ukingoni. Ng'ombe akikojoa lita 15 kwa siku, hiyo ni kazi yake ya zaidi ya mwezi mmoja na nusu, imemwagwa kwa mvua moja kando ya ukuta. Hapo bado hatujataja maji yanayoteremka kutoka mlimani. Anayelaumu mkojo analaumu kidogo akaacha kikubwa.

Wengine watasema saruji ndiyo jibu. Saruji nayo hunywa maji, na isipopewa mteremko wa sentimita mbili au tatu kwa kila mita, hutengeneza dimbwi gumu badala ya dimbwi laini. Kuna pingamizi zito zaidi: mkojo ni mbolea, nani ataka kuukimbiza? Ni kweli, hubeba sehemu kubwa ya naitrojeni na potasiamu anayoitoa mnyama. Ndiyo sababu maji ya mvua hayafai kuchanganywa nao. Mfereji wa bandani uende kwenye shimo la samadi lenye kifuniko, na mtaro wa mvua ushike njia yake.

Kabla ya kununua chochote, chimba shimo lenye kina cha zaidi ya mita moja nje ya banda, lifunike mvua isiingie, ulitazame asubuhi. Likiwa na maji, inua sakafu juu ya mawe, au hamisha banda. Likiwa kavu, nunua mfereji wa bati na uchimbe mtaro upande wa mlimani kabla mvua za Septemba hazijaanza, changarawe ingoje.