Damu Yenye Umbo la Mundu

Huku kwetu Nyanza na Magharibi, na pia kule Pwani, wako watoto wanaolia kila mara kwamba mifupa inauma. Leo vidole vimevimba, wiki ijayo ni mgongo, na macho yamekuwa ya manjano. Majirani wananong'ona: mtoto amerogwa, ama mama yake alileta laana kutoka kwao. Sisi tunasema hapana. Shida iko ndani ya damu, inaitwa selimundu.

Chembe nyekundu ya damu ni ya mviringo, imebonyea katikati, nayo ni laini. Kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni. Kwa ulaini wake hujikunja ikapita hata kwenye vimishipa vyembamba kuliko yenyewe. Lakini kwa mgonjwa wa selimundu, himoglobini iliyomo ndani ina kasoro ndogo. Ikishaachilia oksijeni, hushikana na kujipanga kama nyuzi ngumu, na chembe nzima inapinda kama mundu wa kukatia nyasi. Chembe kama hiyo hukwama. Nyingine zinajazana nyuma yake, kama magari matatu moja ikiharibika darajani. Mwili ulio ng'ambo unakosa oksijeni, na hayo ndiyo maumivu. Mtoto hajisingizii, wala si mvivu wa shule.

Tena, chembe nzima huishi siku kama 120, hali iliyopinda huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo maana damu inapungua, na macho kuwa manjano ni kwa sababu ya chembe zinazovunjika.

Nani alileta? Wote wawili, baba na mama. Kila mmoja hubeba kasoro bila kuugua, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Akina baba wanaomfukuza mke kwa jambo hili, wasikie hapo.

Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alionyesha kwamba wanaobeba kasoro moja hukingwa na malaria kali. Kwa hiyo imeenea penye mbu wengi. Mgonjwa mwenyewe lakini hana kinga hiyo; malaria yaweza kumwua. Alale ndani ya neti, anywe maji mengi, asipigwe na baridi. Kliniki itampa foliki, penisilini angali mdogo, na haidroksiyurea ya kupunguza maumivu. Akishikwa na homa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, usingoje asubuhi.