Mtoto Asiyegeuka Aitwapo

Mtoto aliyezaliwa kiziwi hana alama yo yote mwilini ya kumtambulisha. Hulia kwa nguvu kama watoto wengine, hunyonya, humfuata mama yake kwa macho, na katika miezi ya kwanza hutoa hata zile sauti tamu za koo ambazo kila mzazi hupenda kuzisikia. Sauti hizo hutoka zenyewe, wala hazihitaji sikio. Ni baadaye, katika nusu ya pili ya mwaka wa kwanza, mtoto mwenye masikio mazima anapoanza kutamka "ba-ba-ba" na "da-da-da" kwa kuwaiga watu wa nyumbani, ndipo mwenzake kiziwi huanza kubaki nyuma. Lakini hata hapo ni nani atakayemshuku? Baba atakumbushwa kwamba naye alichelewa kusema. Nyanya atasema kwamba watoto wa kiume ndivyo walivyo. Basi mwaka mwingine hupita, na pengine wa tatu, mpaka siku moja watu wanatambua kwamba mtoto yule huitika akitazamwa tu, na akipewa kisogo haitiki.

Miaka hiyo inayopotea si kitu kidogo. Ubongo wa mtoto hujifunza lugha kwa wepesi mkubwa katika miaka ya kwanza, na wepesi huo haukai ukimngoja. Katika jimbo la Colorado, Marekani, Bibi Christine Yoshinaga-Itano na wenzake walichapisha mwaka 1998 habari za watoto 150 wenye upungufu wa kusikia. Miongoni mwao 72 walikuwa wametambuliwa kabla ya kutimiza miezi 6, na 78 baada ya umri huo. Walipopimwa lugha, wale waliotambuliwa mapema walionekana wako mbele kwa wazi, uziwi wao ukiwa mdogo au mkubwa, na wakiwa wanafundishwa kwa mdomo au kwa ishara. Mtoto mwenye akili timamu anaweza basi kuonekana mzito shuleni, si kwa kukosa akili, bali kwa sababu hakuna mtu aliyejua kwa wakati kwamba hasikii.

Mzazi anayeanza kushuku kwa kawaida hufanya jambo moja: husimama nyuma ya mtoto na kupiga sufuria kwa mwiko, au hubamiza mlango. Mtoto hugeuka, na mzazi hushukuru Mungu na kuacha wasiwasi. Jaribio hilo limewadanganya watu wengi. Mlango ukibamizwa, sakafu hutetemeka na upepo hupita, na mtoto kiziwi ni mwepesi sana wa kuhisi mambo hayo. Kivuli cha mama ukutani humtosha kumgeuza. Tena kuna uziwi wa nusu, nao ndio mgumu zaidi kuutambua. Mtoto wa namna hii husikia ngoma, ng'ombe akilia na lori likipita, maana hizo ni sauti nzito. Lakini sauti nyembamba, kama zile za herufi s, f na t, hazimfikii. Yeye husikia kwamba watu wanasema, ila hasikii wanasema nini. Wazazi wake hawatamwita kiziwi kamwe. Watamwita mtukutu, au mkaidi, na pengine atachapwa kwa ukaidi asiokuwa nao.

Watu wa kwanza kuitengeneza kazi hii iwe na utaratibu unaoweza kufundishwa walikuwa mume na mke, Alexander na Irene Ewing, wa Chuo Kikuu cha Manchester huko Uingereza. Kazi yao ilikuwa kufundisha waalimu wa viziwi, na walichoshwa na kuwapokea watoto waliokwisha kuchelewa. Mwaka 1944 walichapisha maelezo ya jinsi ya kugundua uziwi kwa watoto wachanga na wadogo. Jambo walilolitambua lilikuwa kinyume cha mawazo ya wengi. Mtoto mdogo hashughuliki sana na kelele kubwa isiyo na maana kwake. Baada ya kuisikia mara moja au mbili huipuuza. Lakini kijiko kikisugua ukingo wa kikombe polepole, au sauti ya mama ikisema chini chini, hugeuka mara moja, kwa kuwa sauti hizo zinahusu chakula na mapenzi. Kwa hiyo anayetaka kujua kama mtoto anasikia hapaswi kuzidisha kelele. Inampasa kuzipunguza.

Kutokana na kazi hiyo kilitokea kipimo ambacho manesi wa Uingereza wanaozuru watu majumbani walifundishwa na kukitumia kwa miaka mingi. Mtoto huwa wa miezi 7 hadi 9. Umri huo haukuchaguliwa ovyo. Kabla yake shingo na mgongo havijawa imara, na mtoto hawezi kukaa wima na kugeuza kichwa vizuri. Akiisha kupita mwaka, huwa mjanja, hukumbuka kwamba kuna mtu nyuma yake, na hugeuka kutazama hata pasipo sauti, au hukataa kugeuka kwa kuwa mchezo umemchosha.

Kazi hufanywa na watu wawili. Mtoto hupakatwa na mama yake, amekalishwa wima, uso mbele. Nesi wa kwanza huchutama mbele yake na kumvuta kwa kitu cha kuchezea, kisha hukifunika kwa kiganja. Hapo akili ya mtoto iko macho lakini haijafungwa na kitu. Katika nukta hiyo nesi wa pili, aliye nyuma kwa upande, kiasi cha meta 1 kutoka sikioni na mahali macho ya mtoto yasipofika, hutoa sauti ndogo usawa wa sikio. Hutumia namna mbalimbali: kuvumisha sauti nzito kwa mdomo uliofumbwa, kutoa sauti ya "s" bila kupuliza hewa, kutikisa manyanga madogo yaliyotengenezwa ili yatoe sauti nyembamba tu. Kila moja haizidi sana mnong'ono. Sikio la kulia hupimwa, kisha la kushoto, na mtoto hahesabiwi kuwa amesikia mpaka amegeuka wazi wazi upande uliotoka sauti, zaidi ya mara moja.

Msomaji ataona kwamba hakuna mashine kubwa hapo, wala gharama. Lakini asidhani kuwa kazi ni rahisi. Ugumu wote uko katika kutojidanganya. Nesi aliyejipaka manukato humgeuza mtoto kwa harufu. Viatu vinavyolia, kioo kilicho ukutani, mwanga wa dirisha unaotupa kivuli mbele, mkono baridi unaopita karibu na shavu, yote hayo humwambia mtoto kwamba kuna mtu. Nesi wa mbele naye, sauti inapotolewa, macho yake humtoroka na kumtazama mwenziwe. Mtoto huyafuata macho hayo. Mama hushtuka kidogo mapajani mwake bila kukusudia, na mtoto huuhisi mshtuko ule. Kwa sababu hiyo wanaofundishwa kazi hii huambiwa wafanye majaribio yasiyo na sauti: nesi wa pili asogee vile vile, anyoshe mkono vile vile, lakini anyamaze. Mtoto akigeuka hata hapo, inajulikana kwamba kule kugeuka kwa kwanza hakukuwa ushahidi. Hakuna funzo gumu kwa mwanafunzi wa kazi hii kuliko hili la kupima kimya, maana kila mtu hupenda mtoto asikie, na anayependa jambo huliona hata lisipokuwapo.

Kwa watoto wakubwa kidogo njia ni nyingine. Mtoto wa miaka 2 na nusu au 3 hupewa shanga au vijiti na kufundishwa mchezo: kila akisikia sauti, atie kimoja kikombeni. Anafundishwa kungoja, na kungoja ndiko kunakomshinda. Mwaka 1947 Bibi Dix na Bwana Hallpike wa London walieleza sanduku lao la picha. Mtoto akibonyeza kitufe wakati sauti inapolia, taa huwaka na picha huonekana, na akibonyeza pasipo sauti haoni kitu. Mwaka 1961 madaktari wa Kijapani, Suzuki na Ogiba, walieleza njia ya kumzawadia mtoto mdogo zaidi kwa kitu chenye mwanga kila anapogeukia sauti, ili asichoke upesi. Mpaka leo vyumba vya kupimia masikio hutumia njia zilizotokana na hizo.

Iko pia njia ya kutumia vitu vya kuchezea vyenye majina yanayokaribiana. Vitu hupangwa mezani, na mpimaji, akiwa ameufunika mdomo wake ili mtoto asisome midomo, humwambia kwa sauti ndogo aonyeshe hiki au kile. Waingereza walichagua maneno yao, na hayo hayana faida kwa mtoto wa Kakamega au wa Kilifi. Lakini Kiswahili kina maneno ya namna hiyo tele. Taa, saa na kaa zikiwekwa pamoja, mtoto asiyesikia herufi nyembamba atazichanganya. Jambo la muhimu ni kwamba majina yawe yale mtoto anayotumia nyumbani kwao. Vinginevyo anapimwa lugha, si masikio.

Hata hivyo kipimo cha manesi kilikuwa na kasoro yake. Mikononi mwa watu waliofundishwa vizuri na kusimamiwa kilifanya kazi njema. Mikononi mwa wenye haraka, katika vyumba vyenye kelele, kiliwapitisha watoto ambao hawakusikia. Tena hakikuweza kumgundua mtoto kabla ya nusu ya mwaka. Mwaka 1978 mtaalamu mmoja wa London, Bwana David Kemp, alitangaza jambo la ajabu: sikio zima likipokea sauti hurudisha lenyewe sauti hafifu mno kutoka ndani. Kutokana na ugunduzi huo kulitengenezwa mashine yenye kijiti laini kinachotiwa katika sikio la mtoto aliyelala. Kijiti hutoa sauti na kusikiliza jibu. Mtoto wa siku chache anaweza kupimwa hivyo kwa dakika kadhaa, na kufikia mwaka 2006 mpango wa kuwapima watoto wote wanaozaliwa ulikuwa umeenea Uingereza nzima.

Mashine haikumaliza mambo yote. Mtoto aliyezaliwa jana huwa bado na majimaji sikioni, na anaweza kuonekana hasikii kumbe ni mzima, inafaa arudiwe. Mwingine sikio lake hujibu vema lakini mshipa wa kupeleka habari ubongoni una kasoro. Huyo hupimwa kwa mashine nyingine inayosoma mshipa na ubongo kwa nyaya zilizobandikwa kichwani. Na mtoto aliyezaliwa akisikia anaweza kupoteza kusikia baadaye kwa homa ya uti wa mgongo, kwa surua, kwa usaha wa sikio usiotibiwa, au kwa baadhi ya dawa kali za sindano zisizoangaliwa vizuri. Mtoto aliyeugua homa ya uti wa mgongo yafaa apimwe masikio mara anapopona, asingoje, maana sikio la ndani laweza kuanza kuziba kwa mfupa katika muda wa wiki chache tu.

Katika Kenya hospitali nyingi hazina mashine hizo, na mama wengi hujifungua mbali na mahali zilipo. Lakini watoto wengi wa nchi hupelekwa kliniki wakiwa na miezi 9 kwa sindano ya surua na rubella. Huo ndio umri wenyewe wa kipimo cha Manchester. Nesi wawili, chumba cha pembeni chenye utulivu, kikombe, kijiko na manyanga vingeweza kutambua watoto wengi ambao leo hutambuliwa shuleni. Chumba cha mabati wakati wa mvua, au ukumbi wenye foleni ya mama hamsini, haufai. Heri kumwambia mama arudi siku nyingine kuliko kumpa jibu la uongo.

Vituo vya Serikali vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu vilianzishwa mwaka 1984, na vimeenea sehemu nyingi za nchi. Mzazi haombwi kuwa na uhakika kabla ya kwenda. Anachohitaji kueleza ni yale aliyoyaona: kama mtoto wa miezi 3 au 4 hatulizwi na sauti ya mama asipomwona, kama wa miezi 9 hageuki aitwapo kwa sauti ya kawaida, kama wa mwaka na nusu hana neno hata moja, kama mtoto aliyekwisha kuanza kusema amenyamaza. Neno la mama halifai kudharauliwa, kwa kuwa yeye yuko na mtoto mchana na usiku, na mara nyingi ndiye wa kwanza kushuku. Daktari anayemwambia "Ngoja, atakua" pasipo kumpima mtoto, amemnyima haki yake.

Mtoto akiisha kuthibitishwa, atafutiwe chombo cha kusikilizia kinachomfaa, kikiwezekana katika miezi ile ile, na watu wa nyumbani waanze kusema naye ana kwa ana, mwanga ukiwa usoni mwao na si mgongoni. Ikiwa uziwi ni mkubwa, wajifunze pia lugha ya ishara pamoja naye, baba na ndugu zake wakiwamo. Lugha hiyo si ya aibu; Katiba ya mwaka 2010 imeifanya kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Chombo kikivaliwa, mtoto arudishwe kupimwa kila baada ya miezi michache, kwa maana masikio yake hukua, kizibo cha sikioni hulegea, na chombo kilichomfaa mwezi wa Januari huenda kikawa kinapiga mluzi bure ifikapo Juni.